Kimya cha Marafiki si Upendo



Mwaka 2008 mwandishi Mmarekani Galt Niederhoffer alitoa riwaya iitwayo The Romantics. Miaka miwili baadaye aliigeuza yeye mwenyewe kuwa filamu, na hadithi yake ikawafikia hata watu ambao hawakupata kukishika kitabu. Inahusu marafiki waliosoma pamoja katika chuo kikuu cha Yale, wanaokutana tena kando ya bahari, katika jimbo la Maine, kwa arusi ya wawili kati yao, Lila na Tom. Msimamizi wa bibi arusi ni Laura, aliyeishi chumba kimoja na Lila siku za masomo. Laura huyo ndiye aliyekuwa mpenzi wa Tom zamani, na moyo wake haujamwacha.

Wengi wanaoizungumzia hadithi hii huuliza swali moja tu: kati ya wanawake hao wawili, ni nani anayemstahili Tom? Wengine humtetea Laura kwa kuwa anapenda kwa dhati. Wengine humtetea Lila kwa kuwa ndiye aliyeposwa. Sisi tunasema wazi kwamba swali hilo ni bovu. Linamfanya mwanamume kuwa kikombe cha mashindano, na urafiki wa wanawake wawili kuwa uwanja wa kushindania. Tena linamtua Tom mzigo ulio wake. Mwenye deni la kwanza la kusema ukweli ni yeye. Lakini usiku wa kuamkia arusi anatoweka, na wenzake wanabaki kumtafuta gizani.

Hata hivyo, lawama haiwaangukii watatu hao peke yao. Inawaangukia pia marafiki wanaowazunguka. Hao si wageni waliokuja kula na kuondoka. Ni watu waliopendana na kuachana wao kwa wao hata kundi lao likaitwa kwa jina hilo lililo juu ya kitabu. Wanajua yaliyopita kati ya Laura na Tom. Lakini kwenye karamu ya jioni kabla ya arusi wanainua glasi, wanatoa hotuba zenye mizaha, kisha wanakaa. Linalojulikana na wote halisemwi na yeyote. Na msako wenyewe wa bwana arusi wanaugeuza kuwa nafasi ya kuchezea uaminifu wa ndoa na uchumba wao wenyewe.

Tunajua jibu tutakalopewa: ndoa ni jambo la wawili, rafiki asiingilie. Kama ni la wawili tu, mashahidi wanaitiwa nini? Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wenyewe wawili, wala hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kuitoa ridhaa hiyo mahali pao. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kanuni ya 1069, inawadai waamini wote kumjulisha paroko au askofu kizuizi chochote wanachokifahamu kabla ya ndoa kufungwa. Ndiyo maana matangazo ya ndoa husomwa mbele ya watu. Ni kweli, mapenzi ya zamani peke yake si kizuizi. Lakini ikiwa mwamini yeyote anadaiwa kusema anachokijua juu ya kizuizi, je, rafiki wa miaka mingi ana haki gani ya kunyamaza anapoona ridhaa ya mwenzake inayumba?

Hatusemi watu wapige makelele mbele ya altare. Neno la rafiki lina wakati wake: kabla ya kadi kugawanywa. Lina mahali pake: faraghani, kwa mhusika mwenyewe. Tena lina mtu wake. Laura angesema, nani angemsikiliza? Kila neno lake lingeonekana kuwa la mshindani anayetafuta ushindi. Yeye alipaswa kwanza kuukataa usimamizi ule, maana haifai kubeba maua ya arusi unayoitamani ivunjike. Kwa hiyo kazi ya kusema iliwaangukia wale wasiokuwa na cha kupata. Hao ndio walionyamaza, wakiogopa kuharibu sherehe na kupoteza nafasi yao katika kundi.

Huo ndio uchungu wa riwaya hii, nasi tunakataa usomwe kama mzaha wa matajiri walevi. Sherehe huisha kwa siku moja. Gharama ya kimya hulipwa na mume na mke kwa miaka, na baada yao hulipwa na watoto ambao hawakuwepo siku ile. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tutaombwa bado kuwasimamia wenzetu. Kabla ya kushona nguo na kuandaa hotuba, tujiulize kama kuna neno tunalodaiwa. Kama lipo, tuende kwa mwenyewe tukamwambie kwa upole, angali na uhuru wa kuamua. Kisha tumwachie uamuzi, maana ridhaa ni yake. Na asipotupenda tena kwa sababu hiyo, tutakuwa tumempenda sisi.