Swichi Si Ushahidi wa Kazi

Sheria ya Marekani inamruhusu raia kujiundia ndege yake mwenyewe, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaoiunda kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Huo ni uhuru wa kupendeza. Lakini kila uhuru una wajibu wake, na wajibu mmojawapo ni kuhakikisha kwamba vyombo vya umeme vinafanya kazi angani, wala si kudhani tu.

Wapo waundaji wanaoridhika na taa ndogo kando ya swichi. Swichi ikiwashwa, taa huwaka, na rubani hutulia. Huko ni kujidanganya. Taa hiyo huthibitisha kwamba umeme umefika kwenye swichi, basi. Waya ukikatika mbele yake, au chombo chenyewe kikiungua, taa itaendelea kuwaka.

Tarehe 1 Desemba, 1974, ndege ya Boeing 727 ya shirika la Northwest Orient ilianguka karibu na Stony Point, jimbo la New York, ikaua watu wote watatu waliokuwamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipasha joto vya mirija ya kupimia mwendo havikuwa vimewashwa. Barafu iliiziba mirija, na marubani wakaamini mwendo wa uongo. Baadaye ndege za abiria zilitakiwa ziwe na taa ya kuonya kipasha joto kisipofanya kazi. Sharti hilo haliibani ndege ya kujiundia. Hapo mlinzi ni dhamiri ya mwundaji.

Dawa yake ni kupima mkondo wa umeme unaopita katika waya wa chombo. Kipasha joto kikiungua, mkondo hukoma hata kama swichi imewashwa. Taa inayoongozwa na mkondo ndiyo isemayo kweli.

Watasema wengine kwamba kila kipimo huongeza uzito na ni kitu kingine cha kuharibika. Ni kweli. Kwa hiyo hapana haja ya kupima kila kitu. Taa ya kusomea ramani ikizimika, rubani ataona mwenyewe. Vya kupimwa ni vile vinavyokufa kimya na kuua.

Sisi wa maofisini na madarasani tusiwacheke waundaji hao. Mara ngapi tumehesabu amri iliyotolewa kuwa ni kazi iliyofanyika, na somo lililofundishwa kuwa ni somo lililoeleweka?