Tujaribu Kabla ya Kuamuru

Tarehe 3 Desemba 2018, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Abiria wa Kangemi na Kawangware, sawa na wenzao wa mitaa mingine, walishushwa pembezoni wakalazimika kutembea hadi kazini. Wiki haikwisha kabla ya amri hiyo kusimamishwa. Je, ilikuwa lazima jiji zima liumie ndipo kasoro ionekane?

Njia nyingine ipo, nayo imekwisha kutumiwa katika sekta iyo hiyo. Mwaka 2008, watafiti James Habyarimana na William Jack walisanifu jaribio kuhusu matatu za masafa marefu. Baadhi zilibandikwa ndani ujumbe wa kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Nyingine, bila upendeleo wowote, ziliachwa vivyo hivyo ziwe kundi linganishi. Madai ya bima katika kundi la kwanza yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Hapo mtu aweza kutabiri, si kubahatisha.

Wanakiswahili tusidhani kwamba hayo ni ya wahandisi na wanauchumi pekee. Kilichojaribiwa ni nguvu ya ujumbe mfupi kwa msomaji wake. Ikiwa ujumbe hupimwa ndani ya matatu, mbona istilahi zetu mara nyingi huchapishwa kabla ya kupimwa darasani? Wanafunzi wagawanywe kwa kura, kila kundi lifundishwe kwa istilahi yake, kisha tulinganishe uelewa wao. Mwenda pole hajikwai.