Jiwe Lisilo na Sanadi



Mama mmoja aishiye Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, ameniletea swali lenye faida kwa wazazi wengi. Mwanawe huokota mawe meusi yang'aayo kama kioo na kuyaleta nyumbani. Sasa shule yataka kuwapeleka watoto Kariandusi wakatazame mawe ya watu wa kale. Auliza: kuna haja gani ya kulipia safari ya kutazama mawe, ilhali mawe yamejaa mlangoni? Na je, hesabu za mamia ya maelfu ya miaka hazitamtia mtoto wasiwasi katika dini yake?

Nianze na la pili, kwani ni jepesi. Qur'ani Tukufu haikutaja umri wa dunia kwa idadi ya miaka, na imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tuzingatie habari za waliotutangulia. Mtoto aendaye kuzingatia ameitika wito huo.

Ama la kwanza lataka maelezo. Waliosoma elimu ya Hadithi wajua kuwa habari haipokewi mpaka ijulikane imepitia kwa nani hata ikatufikia. Hiyo ndiyo sanadi. Jiwe la kale nalo lina sanadi yake: mahali lilipolala, tabaka la udongo lililolifunika, na vitu vilivyokuwa ubavuni mwake. Likiokotwa na kutiwa mfukoni, sanadi imekatika, na hapana mtaalamu awezaye kuiunga tena.

Kariandusi, karibu na Gilgil, ilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1928 kupitia msafara wa Louis Leakey. Hapo pana mashoka ya mkono yaliyochongwa na watu wa kale mno, mengine kwa jiwe lile lile jeusi alichezealo mtoto wa Karagita. Baadhi yameachwa palepale yalipofukuliwa, ili mgeni ayaone yakiwa na ushahidi wake. Jirani huchimbwa udongo mweupe uliotokana na vijimea vidogo vya majini, dalili kwamba zamani hapo palikuwa ziwa.

Faida ya sanadi hiyo yaonekana zaidi Hyrax Hill, mjini Nakuru. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwapo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Juu ya mwamba pana safu za mashimo ya bao, mchezo ambao wazee wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Na katika makaburi ya kale, wanawake walikutwa wamezikwa pamoja na sahani za mawe na michi ya kusagia. Enyi akina mama, lizingatieni hilo. Lau mtu angalitangulia akazichukua sahani zile kwa uzuri wake, leo tungalisema ni sahani za mawe tu, na wala tusingalijua kuwa zilizikwa na wanawake. Habari yao ingalipotea kwa mkono mmoja usiojua.

Basi nausia mambo matatu. Kwanza, mtoto aende, na kabla hajaondoka mzazi amfunze kumuuliza mwelezaji: mmejuaje? Swali hilo litamfaa kuliko kukariri idadi ya miaka. Pili, ajue kwamba si kila jiwe jeusi lilichongwa na mtu. Mengi yametokana na moto wa volkano. Lakini akiona lililochongwa, aliache mahali pake, na mzazi awape habari watu wa makumbusho. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imekataza kuhamisha vitu vya kale bila kibali. Tatu, nawaomba wahifadhi wetu wawaeleze wageni kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa mama asiyefahamu kilichoandikwa ukutani hataweza kumfahamisha mwanawe wakirudi nyumbani.

Watu wale hawakuacha maandishi. Waliloacha ni mawe, na kila moja mahali pake. Hiyo ni amana iliyo miguuni petu, nasi tutaulizwa juu ya kila amana.

Wabillahi tawfiq.