Reli Zisomekazo

Imedaiwa ya kwamba mashabiki wa rolakosta, yale magari ya burudani yapandayo na kuporomoka juu ya reli, hupoteza wakati wakikisia sura ya chombo kipya kutokana na vipande vilivyolazwa uwanjani, kwa kuwa chuma ni chuma tu, na kwa kuwa kubashiri huharibu ladha ya tangazo.

Chuma ni chuma! Aliyetamka hayo hakupata kuvitazama vipande vyenyewe. Reli za kampuni ya Bolliger & Mabillard hubebwa na uti mnene wenye umbo la sanduku, ilhali zile za Rocky Mountain Construction huungwa kwa mabamba bapa pasipo bomba la mviringo; basi mwenye kuzoea humtambua fundi kabla ya kusoma ilani yoyote, na katika mpindo wa kipande kimoja akafahamu ni wapi gari litalala ubavu na wapi litapinduka. Hiyo si ramli, ni elimu ya dalili.

Rolakosta ya mbao Mean Streak, huko katika bustani ya burudani ya Cedar Point, Ohio, ilipofungwa Septemba 2016, wenye bustani hawakutaja kitakachofuata. Lakini reli za chuma zilipoonekana juu ya mbao zile kuukuu, mashabiki walimtaja fundi, Rocky Mountain Construction, bila kusita, na Agosti 2017 tangazo la chombo kipya, Steel Vengeance, likawathibitishia.

Ama hiyo ladha iliyoharibika, mbona wenye bustani wenyewe hutoa mafumbo makusudi ili watu wakisie?