Kivuli chenye wino wa bluu

Hivi karatasi ikitoka kwenye mashine ya fotokopi, kisha mtu akaisaini kwa kalamu yake, hiyo ni nakala halisi au kivuli? Msicheke wadau. Swali hili limeshafika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza.

Wanaouza mali nje wanaijua LC: benki ya mnunuzi inaahidi kumlipa muuzaji, mradi alete nyaraka zilizotajwa bila dosari. Benki haifungui kontena, inatazama karatasi tu. Karatasi zikikataliwa, mzigo uko baharini na hela hakuna.

Katika kesi ya Glencore na Bank of China, iliyoripotiwa 1996, hati ilichapwa kwa kompyuta, ikatolewa fotokopi, na nakala moja ikasainiwa kwa wino wa bluu. Benki ikaikataa. Mahakama ikasema benki iko sahihi, kwa sababu kanuni za UCP 500, zilizoanza kutumika mwaka 1994, zilitaka hati ya namna hiyo iandikwe kabisa kwamba ni halisi. Saini peke yake haikutosha! Mimi naona huo ulikuwa ukasuku. Mwenye hati ameitia mkono wake mwenyewe, unataka nini tena? Matokeo yake mabenki yakaingiwa na hofu, watu wakawa wanagonga mihuri ya "ORIGINAL" hata pasipohitajika.

Chemba ya Biashara ya Kimataifa ikatoa ufafanuzi mwaka 1999, halafu UCP 600, iliyoanza Julai 1, 2007, ikamaliza ubishi: hati yenye saini au muhuri unaoonekana kuwa wa aliyeitoa ni halisi, isipokuwa yenyewe iseme siyo.

Kuna watakaosema tumewafungulia matapeli mlango. Sikubali. Anayeweza kughushi saini anaweza pia kuchonga muhuri wa "ORIGINAL", tena kwa bei poa.

Ila kwenye hati ya shehena ya meli mimi mwenyewe nakuwa mkali. Cheti cha muuzaji ni maelezo tu, lakini hati ya shehena ni ufunguo wa mzigo. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na moja tu inatosha kuchukulia mali bandarini. Kwa hiyo benki ikidai zote tatu, tena halisi, msiwaite wasumbufu. Hiyo moja inayokosekana iko mkononi mwa nani?