Simu Ilitetemeka, Mimi Sikuhisi Kitu

Haya jamaa, leo nina dukuduku. Wiki jana seva ninayoitunza kazini ilizimika saa tisa usiku. Simu ilikuwa chini ya kiganja changu, nimeiweka itetemeke tu ili nisimwamshe mtoto. Asubuhi nikakuta ilikuwa imetetemeka mara 14! Akina mama mboga waliofika sokoni alfajiri hawakuweza kulipia mizigo yao. Mkubwa wangu akasema nitafute simu yenye mtetemo mkali zaidi.

Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Sisi waunda programu hudhani mguso husafiri kama data kwenye waya: ukitumwa, umefika. Sivyo. Mguso wa mkono hupanda kupitia uti wa mgongo, hupita kwenye shina la ubongo, kisha kwenye thalamasi, ndipo ufike kwenye gamba la ubongo. Na ndani ya shina hilo mna kikundi kidogo cha seli za neva kiitwacho lokasi seruleasi, yaani doa la buluu, ambacho husambaza kemikali ya noradrenalini karibu ubongo wote.

Mwaka 2019, watafiti wa Columbia University huko Marekani walichapisha utafiti ambapo walisisimua doa hilo kwa panya huku wakichezesha sharubu zao. Seli za thalamasi zikaanza kubeba habari nyingi zaidi kuhusu msogeo wa sharubu. Mguso haukuongezwa nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni hali ya kituo kinachoupokea.

Sasa, doa hilo huchangamka tukiwa macho. Usingizi ukiingia hupunguza kazi, na wakati wa usingizi wa ndoto karibu linyamaze kabisa. Sisemi ndilo pekee lililoniponza usiku ule. Ninachosema ni kwamba kuongeza mtetemo ni kubisha hodi kwa nguvu wakati bawabu amelala.

Basi tuunde mifumo inayojua hivyo. Dakika tano zikipita bila jibu, onyo liende kwa mtu wa pili, aliye macho kwenye zamu yake. Najua zamu ya usiku ni gharama. Lakini wiki jana gharama ilikuwepo vilevile, ila aliyeilipa ni mama mboga.

Nanyi mnaopokea maonyo ya usiku, mnafanyaje?