Akishafika Hospitali, Anakuta Nini?

Matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 yalipotoka, Tanzania ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2015/16, ulikuta vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Huu mpya ulikuta 104. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yako juu zaidi (kwa mwaka 2020 walitupa 238), na mabishano ya wataalamu kuhusu hesabu ipi ni sahihi bado yanaendelea. Lakini hakuna anayebisha kwamba tumetoka mbali.

Katika utafiti huohuo kuna namba nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele. Mwaka 2010, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 26 walifariki kabla ya kutimiza mwezi. Mwaka 2015/16 wakawa 25. Mwaka 2022 wakawa 24. Lengo tulilotia saini pamoja na mataifa mengine ni kufika 12 ifikapo mwaka 2030. Kwa mwendo huu hatufiki.

Ndani ya miaka hiyohiyo, akina mama waliojifungulia katika vituo vya kutolea huduma walipanda kutoka nusu hadi asilimia 81. Yaani mama alifanya alichoambiwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipita nyumba kwa nyumba, redio zikatangaza, wenyeviti wa vijiji wakasimama mikutanoni, na mahali pengine familia zilitozwa faini mtoto akizaliwa nyumbani. Mama akafunga mzigo wake akaenda. Kama tatizo lingekuwa mahali pa kujifungulia tu, namba ya vichanga ingeporomoka. Haikuporomoka, na kwa hiyo swali limehama kutoka kwa mama likaja kwetu: akishafika, anakuta nini?

Toleo hili lote tumelitoa kwa swali hilo. Katika kuliandaa, tumezidi kuamini jambo moja ambalo mipango yetu mingi hulipuuza. Katika nyaraka za serikali na za wafadhili, ubora wa huduma huwa na sura yake, na usawa huwa na sura yake, tena mara nyingi ile ya mwisho, fupi, iliyoandikwa kwa haraka. Kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, mambo hayo mawili hayatengani. Huduma mbovu haiwaumizi wote sawasawa. Inamwumiza yule asiyeweza kuikimbia.

Mwaka 2007 watafiti waliwauliza akina mama wa Kasulu, mkoani Kigoma, walijifungulia wapi. Kati ya waliojifungulia vituoni, zaidi ya wanne kati ya kumi walikuwa wameiruka zahanati au kituo kilichokuwa karibu nao wakaenda mbali zaidi. Walioruka walijali ubora wa tiba na imani yao kwa wahudumu. Wanawake wa vijijini wanajua zahanati ipi haina maji na ipi muuguzi wake haonekani usiku. Kujua wanajua wote. Wasichokuwa nacho wote ni nauli ya bodaboda. Kwa hiyo kituo kibovu hubaki kuwa kituo cha maskini, na sisi tukisoma takwimu tunaandika kwamba naye amejifungulia kituoni.

Tazama begi analokwenda nalo. Sera ya Tanzania inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Lakini mama wa mimba ya kwanza, akifika mwezi wa nane, ataelezwa na dada zake na majirani, na mara nyingine na kliniki yenyewe, anunue nini: glovu, nyembe, pamba, kibana kitovu, mpira wa kutandika kitandani, ndoo au beseni, kanga nne au tano zilizo safi. Aliye na mume mwenye mshahara hununua kwa siku moja. Asiye nacho hununua glovu wiki hii, mpira wiki ijayo, na uchungu ukimkuta kabla hajakamilisha huchelewa nyumbani kwa makusudi, maana anaona haya kufika mikono mitupu mbele ya watu watakaomwuliza kwa sauti vitu viko wapi. Huko kuchelewa ndiko baadaye tunakoandika kwenye faili kama kosa lake: mama alichelewa kufika.

Hapo kwenye sauti nataka tukae kidogo. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, akina mama waliojifungulia vituoni waliulizwa kama walitukanwa, walipigwa, walitelekezwa au walidhalilishwa wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Baadhi yao walifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, na safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Mradi uliobeba utafiti huo uliitwa Staha. Tofauti kati ya majibu ya mlangoni na majibu ya nyumbani inaeleza mengi kuhusu hofu. Mama akiwa bado ndani ya geti anajua atarudi na mtoto kwa chanjo, na atakutana na nyuso zilezile. Basi fomu za maoni tunazowajazisha akina mama wodini, kisha tukatangaza kwamba wameridhika, zinapima hofu kuliko zinavyopima huduma.

Sisemi haya kuwashambulia wakunga. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, ana wanawake watano leba, mmoja anatoka damu na mwingine anasukuma, naye ametelekezwa na mfumo uleule. Anastahili mwenzake wa zamu, mshahara unaofika kwa wakati, na bosi anayempigia simu kumwuliza anahitaji nini kabla ya kumwuliza kwa nini mgonjwa amefariki. Hata hivyo uchovu haumpi mtu ruhusa ya kumzaba kofi mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na viongozi wa taaluma wanaolinyamazia jambo hilo kwa kuwaonea huruma wenzao wanawakosea wagonjwa na wanaikosea taaluma.

Kwamba mambo yanaweza kubadilika kwa vitu vidogo, ushahidi upo. Chukua kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, muuaji mkuu wa wazazi duniani. Kwa miaka mingi mkunga alitazama damu iliyotapakaa kwenye mpira na kanga akakisia kwa macho, na macho hukisia pungufu. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, uliweka chini ya mama shuka la plastiki lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, wenye alama za mililita. Damu ikifika kwenye mstari, mkunga habahatishi tena: anasugua mfuko wa uzazi, anachoma sindano ya kuubana, anatoa dawa ya kugandisha damu, anaweka dripu, anakagua michubuko, na anaita msaada mgonjwa asipotulia. Vyote kwa pamoja, si kimoja leo na kingine baada ya nusu saa ya kusubiri. Kati ya akina mama zaidi ya 200,000 walioshiriki, pale mbinu hiyo ilipotumika, kutoka damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo nyingi zilikuwa tayari kabatini. Kilichokosekana ni kipimo, mpangilio na haraka.

Na kabla ya utafiti huo mkubwa tulikuwa na Kigoma. Daktari Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya akina mama, alifanya kazi katika hospitali ya mkoa huo miaka ya 1980, wakati nchi haina fedha na barabara ni za shida. Aliketi na wenzake wakapitia vifo vya miaka iliyotangulia, kimoja kimoja, kisha wakapanga hatua 22 zilizoegemea vilivyokuwepo palepale na wajibu wa kila mtumishi. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vya wazazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mbaruku huyohuyo ndiye baadaye, akiwa Taasisi ya Afya Ifakara, aliyeshiriki tafiti za Kasulu na za Tanga nilizozitaja. Alijua kwamba hesabu ya vifo na namna mama anavyosemeshwa ni kazi moja. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa uuguzi na udaktari humaliza masomo bila kulisikia jina lake.

Upande wa vichanga hali ni hiyohiyo. Wengi wanaokufa wanakufa kwa kuzaliwa njiti, kwa kushindwa kupumua, au kwa maambukizi. Asiyelia anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo na kupumulishwa ndani ya dakika moja, ile wakunga waiitayo dakika ya dhahabu. Wakunga wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa hivyo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Mikono hiyo husahau isipofanya mazoezi, ndiyo maana mwanasesere wa kufundishia anatakiwa awe mezani leba, si kwenye kabati la mganga mkuu ambalo ufunguo wake umesafiri.

Kwa njiti, utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kumweka kifuani mwa mama tangu mwanzo, bila kusubiri atengemae, kunapunguza vifo kwa robo. Hilo linadai mama awe na kitanda chake ndani ya wodi ya watoto wachanga. Majengo yetu mengi, hata mapya, yanamlaza mama upande mmoja na mtoto upande mwingine, mama akienda kumwona kwa saa za kunyonyesha. Wachoraji wa ramani za majengo wanapaswa kuusoma utafiti huo kama madaktari wanavyousoma.

Kuna yanayokwenda vizuri. Namba 115 ya mpango wa m-mama, unaomtafutia mama gari la wagonjwa au dereva wa jirani bila malipo, imeenea nchi nzima na inaokoa watu. Ila gari linalowahi kumfikisha mama kwenye hospitali isiyo na damu limemhamisha tu.

Ombi letu kwa halmashauri, kwa hiyo, ni mahususi. Takwimu za uzazi zitangazwe kila robo mwaka zikiwa zimegawanywa kwa kata na kwa umbali, ili wastani wa wilaya usiwafiche wa mwisho. Vikao vya kupitia vifo vya wazazi na vichanga viwe na mkunga aliyekuwa zamu usiku ule, aketi mezani akiwa na uhakika kwamba hakuitwa kuadhibiwa. Na akina mama waulizwe kuhusu huduma waliyopata wakiwa nyumbani kwao, wiki tano au sita baada ya kujifungua, na mtu asiyevaa sare ya kituo, kisha majibu yao yasomwe kwenye baraza la madiwani pamoja na hesabu za mapato.